Mwalimu wa Kiswahili, Anza na Madaftari: Mwongozo wa Kujiendeleza Ukiwa Githurai 45

Kwa mwalimu wa lugha, Githurai 45 ni mahali pazuri pa kutaka kujifunza zaidi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko hapo Kahawa, safari fupi ya matatu. Ukiendelea na barabara ya Thika unafika Juja, kisha Thika mjini ambako kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Ukielekea upande wa pili, Nairobi, utafika kwenye ofisi za TSC (tume ya walimu), KICD (taasisi ya mitaala) na KNEC (baraza la mitihani) na urudi siku hiyo hiyo. Hata hivyo, walimu wengi wa Kiswahili katika shule za hapa, za umma na za binafsi, humaliza mwaka mzima bila kupata hata saa moja ya mafunzo yaliyobadilisha namna wanavyofundisha. Wanachopata ni jumbe za WhatsApp: semina ya siku moja, lipa sasa, cheti utapewa papo hapo.

Mwongozo huu unakuomba ugeuze utaratibu huo. Usianze na kozi. Anza na madaftari ya wanafunzi wako, ujue unatafuta nini, ndipo utafute mafunzo.

KWA NINI UANZIE DARASANI

Mwalimu wa hisabati au sayansi ana taasisi ya serikali iliyoundwa kwa ajili ya kumwendeleza, nayo ni CEMASTEA iliyoko Karen. Sisi wa lugha hatuna kituo cha namna hiyo. Mafunzo yetu yametawanyika: kidogo yako TSC, kidogo KICD, kidogo KNEC, mengine vyuoni, mengine kwenye vyama vya Kiswahili na tamasha za drama. Asiyejua anachokitafuta ataokota kilicho karibu, na aghalabu kilicho karibu ndicho kinachotangazwa kwa kelele nyingi.

Sababu ya pili inatokana na historia yetu wenyewe. Kabla ya mradi wa Tusome kuanza nchini kote mwaka wa 2015 katika madarasa ya chini ya shule za msingi, mradi uliotangulia, PRIMR, ulijaribiwa katika kaunti chache, Kiambu ikiwa mojawapo. Miradi hiyo miwili haikuishia kwenye semina na vitabu. Afisa wa mtaala alikuja darasani, akakaa nyuma, akatazama somo la kusoma, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu alichokiona. Mimi naamini ziara hizo ndizo zilizofanya mafunzo yashike, kwa sababu mwalimu huenda semina na kichwa cha jumla, lakini hurudi kwa watoto mahususi wenye makosa mahususi. Bila mtu wa kuunganisha mambo hayo mawili, faili la semina hukaa kabatini.

HATUA YA KWANZA: CHUNGUZA INSHA KUMI

Kazi hii inahitaji jioni moja. Haina gharama yoyote.

1. Chukua insha kumi za darasa moja: tatu za wanafunzi walio juu, nne za walio katikati, tatu za wanaotatizika. Usichague nzuri tupu, wala mbaya tupu.
2. Zisome zote mara ya kwanza bila kalamu nyekundu mkononi. Sikiliza mtoto anataka kusema nini.
3. Chora jedwali lenye safu tano: upatanisho wa ngeli, virejeshi na nyakati, tahajia, msamiati, na mpangilio wa mawazo.
4. Soma mara ya pili. Kila unapokutana na kosa, tia alama kwenye safu yake na unakili sentensi yenyewe kando.
5. Hesabu alama. Tazama pia insha ngapi zina kosa hilo. Kosa lililotokea mara nyingi katika insha moja ni la mtoto mmoja, na lililomo katika insha nane ni la darasa.
6. Chagua safu moja tu. Hiyo ndiyo kazi yako ya muhula.

Nitatoa mfano ambao mwalimu yeyote wa eneo hili ataujua. Kwenye safu ya virejeshi na nyakati utakuta sentensi kama hizi: «Mtu mwenye aliniibia alitoroka.» «Sikujua venye tutafika.» «Mahali penye tulienda palikuwa mbali.» Na kando yake: «Sisi tunaendanga sokoni kila Jumamosi.»

Ukizitazama kwa makini utaona kwamba mtoto hakosei ovyo. Anafuata kanuni. Katika Kiswahili anachokisikia nyumbani, sokoni na kwenye matatu, «mwenye» na «venye» hufanya kazi ya kirejeshi, na «-nga» huonyesha mazoea. Anatumia mfumo kamili, ila si ule unaotahiniwa. Ukikata kwa wino mwekundu na kuandika «sarufi!» pembeni, hujamfundisha kitu. Somo linaanza pale unapoweka mifumo hiyo miwili ubaoni, bega kwa bega: «mtu mwenye aliniibia» huku, «mtu aliyeniibia» kule, halafu wanafunzi wenyewe watafute kanuni. Watagundua kwamba katika Kiswahili sanifu «mwenye» hufuatwa na jina, kama mwenye duka au mwenye nyumba, ilhali kitenzi huchukua «-ye-», «-vyo-», «-po-» ndani yake. Watagundua vilevile kwamba «tunaendanga» ina mwenzake, «huenda».

Huo ndio ustadi unaostahili kutafutiwa mafunzo: kusoma kosa hadi uione kanuni iliyo nyuma yake.

HATUA YA PILI: JIULIZE UNAKOSA NINI HASA

Ukishachagua safu yako, jiulize swali hili na ulijibu kwa ukweli:

- (A) Je, jambo lenyewe silifahamu vizuri? Kwa mfano, sina uhakika na ngeli ya U-U na U-ZI, au sijawahi kuielewa vizuri aruzi ya shairi.
- (B) Je, nalifahamu, lakini sijui njia ya kulifundisha likaeleweka?
- (C) Je, nalijua na najua kulifundisha, ila sina vifaa: vitabu vichache, wanafunzi wengi, hakuna hadithi za kusoma?

Mapungufu haya matatu hayatibiwi na dawa moja. Mwalimu wa (A) akienda semina ya mbinu za kufundisha atarudi na mbinu nzuri za kufundisha asichokijua. Mwalimu wa (C) akijisajili kwa shahada ya uzamili atamaliza akiwa na deni, na darasa lake bado halina kitu cha kusoma.

JIBU LAKO LIKIWA (A): IMARISHA MAARIFA

Nunua kamusi kabla ya kununua kitu kingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1981 na kurekebishwa baadaye, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ni zana za kazi, na mwalimu asiye na hata moja anafundisha kwa kukisia. Kwenye meza yako, weka kitabu kimoja cha sarufi cha kiwango cha juu kuliko kile unachofundishia. Kitabu cha wanafunzi hakiwezi kumjibu mwanafunzi anayeuliza «kwa nini».

Kwa makala za kitaaluma, jarida la Swahili Forum husomwa bure mtandaoni na lina maandishi mengi kwa Kiswahili kuhusu isimu na fasihi. TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchapisha majarida ya Kiswahili na Mulika. Usijilazimishe kusoma toleo zima. Tafuta makala moja inayogusa safu yako.

Ukitaka mahali tulivu pa kusomea, kuna maktaba ya umma Thika mjini na Maktaba Kuu ya taifa Upper Hill, Nairobi. Uliza pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Kenyatta masharti yao kwa wasomaji wasio wanachuo, hasa kama wewe ni mhitimu wao.

Kwa mwalimu wa sekondari ya juu, jambo hili halisubiri. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na katika mtaala huo Fasihi ya Kiswahili imekuwa somo la kuchagua linalojitegemea, mbali na Kiswahili kinachosomwa na wote. Wakati huo huo wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027. Mwalimu mmoja atajikuta asubuhi anafundisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kwa ajili ya mtihani, na mchana anafundisha fasihi kwa umilisi. Kama ulisomea ualimu ukaegemea lugha, na fasihi ukaipitia juu juu, huu ndio mwaka wa kuziba pengo hilo.

JIBU LAKO LIKIWA (B): TAFUTA MACHO YA MTU MWINGINE

Hapa ndipo walimu wengi tulipo, na ndipo pana njia nzuri zaidi na za bei nafuu zaidi.

*Chama cha somo*

Githurai haihitaji kufundishwa chama ni nini. Watu huchanga, kila mmoja anapata zamu yake, na anayekwepa zamu anajulikana. Fanya hivyo hivyo na masomo ya Kiswahili: kinachochangwa ni somo lako, na anayepata zamu ni yule anayetazamwa akifundisha.

1. Tafuta wenzako watatu hadi watano. Wawili wanaweza kuwa wa shule yako, wengine wa shule jirani za Kimbo, Mwihoko, Kiuu au Wendani. Changanya shule za umma na za binafsi, kwa sababu kila upande unajua kitu ambacho mwingine hakijui.
2. Mwambie mwalimu mkuu mapema, kwa maandishi mafupi: nani atakuja, lini, atatazama somo gani. Shule za binafsi hushindania wanafunzi, na ziara isiyotangazwa huzua shuku.
3. Mwenye zamu achague swali moja tu la kutazamwa. Kwa mfano: «Wanafunzi walioketi nyuma wanaandika nini ninapotoa zoezi la virejeshi?» Asiseme «tazama kama nafundisha vizuri.» Swali hilo halina jibu linalofaa kitu.
4. Mtazamaji aandike alichokiona na alichokisikia kutoka kwa wanafunzi, bila maoni. «Dakika ya kumi na mbili, msichana aliye dirishani amefuta jibu mara tatu» ni rekodi. «Somo lilikuwa zuri» si rekodi.
5. Baada ya somo, kaeni kwa robo saa. Mwenye zamu azungumze kwanza, mtazamaji asome rekodi yake, kisha mwamue jambo moja la kubadilisha katika somo lijalo.
6. Kutaneni Jumamosi moja kila mwezi, kila mmoja akiwa na insha tatu. Zisahihisheni pamoja, kila mtu atoe alama peke yake kwenye karatasi, kisha fungueni karatasi mlinganishe. Mkitofautiana kwa alama tano katika insha ya alama ishirini, mmepata mada ya mazungumzo ya asubuhi nzima.

Kipengele cha sita ndicho ninachokipenda zaidi. Hakuna semina inayomfunza mwalimu kusahihisha kama kukaa na mwenzake aliyeipa insha ile ile 14 huku yeye akiipa 9, na kila mmoja akadaiwa kueleza sababu.

> ONYO. Chama kisigeuke kikundi cha kubadilishana mitihani na maazimio ya kazi. Hilo litakuja lenyewe, na likija litameza kila kitu. Wekeni kanuni kwamba faili za kupakua zinatumwa kwenye kundi jingine.

*Afisa wa mtaala*

Kila kanda ina afisa anayesaidia walimu kuhusu mtaala, tuliyezoea kumwita CSO. Walimu wengi humwona kama mkaguzi na hujificha anapokuja. Mwalike wewe kwanza. Mwambie safu yako ni ipi na unataka atazame nini.

Kumbuka mpaka: Githurai 45 iko Kaunti ya Kiambu, kaunti ndogo ya Ruiru, lakini ukivuka barabara kuu kwenda Githurai 44 uko Kaunti ya Nairobi. Shule mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kuwa na maafisa tofauti, ofisi tofauti za TSC na hata mashindano tofauti ya drama. Kabla ya kupeleka barua, hakikisha shule yako iko upande gani.

*TPAD itumie kikweli*

Walimu wa TSC tayari wana utaratibu wa kutazamwa somo na kuandika mapengo yao katika TPAD, fomu ya tathmini ya utendaji wa mwalimu. Kwa desturi fomu hujazwa haraka ili muda usipite. Naelewa sababu. Lakini kwa kuwa kazi hiyo utaifanya hata hivyo, peleka matokeo ya insha kumi pale panapoulizwa pengo lako, na umwombe anayekutazama atumie swali lako moja. Utakuwa umetimiza wajibu wa ofisi na kujinufaisha kwa saa ile ile.

*KICD*

Taasisi ya mitaala ina mafunzo ya mtandaoni kwa walimu yaitwayo Elimika, na hazina yake ya vifaa, Kenya Education Cloud, ina miundo ya mtaala na vitabu vya kidijitali. Pakua muundo wa mtaala wa gredi yako uusome kwa utulivu, hasa sehemu za tathmini. Walimu wengi wanaijua mitaala kupitia kitabu cha mchapishaji tu, na kitabu ni tafsiri ya mtu mwingine ya mtaala huo.

*Kusahihisha mitihani ya KNEC*

Kwa mwalimu wa shule ya upili, sijui mafunzo mengine ya Kiswahili yanayozidi haya. Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: 102/1 ya insha, alama 40; 102/2 ya lugha, alama 80; 102/3 ya fasihi, alama 80. Mtahini hufunzwa karatasi moja. Anakaa na walimu kutoka nchi nzima, wanajadili mwongozo wa kusahihisha swali kwa swali, na kazi yake inakaguliwa na kiongozi wa kundi. Akirudi darasani hawezi tena kutoa alama kwa hisia.

Fanya hivi:

1. Fuatilia matangazo ya KNEC ya kuomba mafunzo ya utahini. Masharti ya sifa na miaka ya kazi huwekwa kwenye tangazo lenyewe, yasome yote.
2. Chagua karatasi inayolingana na udhaifu wako wa kufundisha. Wengi hukimbilia waliyoizoea.
3. Ukikosa nafasi mwaka huu, tafuta ripoti ya matokeo ya KCSE ambayo KNEC huichapisha. Humo huelezwa, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi na walimu wafanye nini. Panelini kwenu, someni sehemu ya Kiswahili pamoja kabla ya kuandika azimio la kazi.

*Jukwaa la drama na ushairi*

Wengine wataliona hili kuwa jambo la ziada. Mimi naliweka kwenye mafunzo. Mwalimu anayeandika shairi la kughaniwa na wanafunzi thelathini, akasikiliza waamuzi wakieleza wapi mizani ilivunjika na wapi sauti ilizama, anajifunza ushairi kwa njia ambayo hakuna kitabu kitampa. Kabla ya msimu huwa kuna warsha za walimu na waandishi. Kama shule yako haijawahi kushiriki, anza na shairi la mtu mmoja. Halihitaji mavazi wala basi.

JIBU LAKO LIKIWA (C): PATA VIFAA BILA KUVUNJA KIBUBU

Tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, Kikuyu ikiwemo, na zote ni bure. Unaweza kuzichapisha, kuzibadilisha, hata kutunga zako. Kwa darasa la chini, chapisha hadithi kumi pale saiba, zishone, utakuwa na kona ya kusomea.

TESSA, mradi wa walimu wa Afrika ulioanza mwaka wa 2005 chini ya Open University ya Uingereza, una moduli za kufundishia na baadhi ziko kwa Kiswahili. Mifano yake ni ya madarasa makubwa yenye vifaa vichache, kwa hivyo inatuhusu.

Taifa Leo, gazeti la kila siku la Kiswahili nchini, lina kurasa za walimu na wanafunzi. Nakala moja kwa wiki, ikikatwa vizuri, inatoa ufahamu, ufupisho na matumizi ya lugha kwa wiki mbili.

Na usipite soko la Githurai bila kuliona kama maktaba. Mabango ya bei, matangazo ya nyumba za kupanga, onyo la kanjo, kauli mbiu zilizoandikwa kwenye matatu: hayo yote ni matini. Piga picha, chapisha, uliza darasani: nani anaandikiwa, kwa lugha gani, na ingeandikwaje kwa rejista rasmi? Hilo ni somo la isimujamii lililo tayari.

Mwalimu wa Kiingereza anayesoma haya: British Council wana kozi za bure za walimu mtandaoni kupitia TeachingEnglish. Hatua za insha kumi na chama cha somo zinakufaa bila kubadilisha chochote.

> KUOKOA BANDO
> - Pakua faili za PDF mahali penye waifai, usizisome mtandaoni.
> - Video moja inayogusa safu yako inatosha. Itazame pamoja na wenzako kwenye simu moja.
> - Kwenye kundi la WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe.

MASOMO YA CHETI, STASHAHADA NA SHAHADA

Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012, kifungu cha 35, inaipa TSC mamlaka ya kumtaka mwalimu aliyesajiliwa kuendelea kujifunza. Kwa msingi huo TSC ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma (TPD) mwaka wa 2021 ikitaja taasisi nne za kuutoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara, na taasisi ya usimamizi wa elimu, KEMI. Mpango ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka. Walimu wengi walilalamikia gharama hiyo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, maana mwajiri anayedai mafunzo anapaswa kushiriki kuyalipia. Kabla ya kulipa chochote kwa jina la TPD, uliza ofisi ya TSC ya kaunti ndogo ni utaratibu gani unaotumika sasa, na uombe maelezo kwa maandishi.

Kama una cheti cha P1, tazama njia ya kupandisha hadi stashahada ya ualimu wa msingi, kwa kuwa kuanzia 2021 vyuo vya ualimu viligeukia stashahada. Thogoto, huko Kikuyu, ni chuo cha ualimu kilicho ndani ya kaunti yetu. Kwa shahada, uliza kuhusu masomo ya wakati wa likizo ili usiache kazi.

Shahada ya uzamili katika Kiswahili ni kitu chema. Ifanye ukiwa na swali unalotaka kulijibu. Walio na swali humaliza tasnifu, na wasio nalo hukwama kwenye pendekezo la utafiti miaka nenda miaka rudi.

KAMA HUJAAJIRIWA NA TSC

Walimu wengi wa eneo hili wameajiriwa na shule za binafsi au na bodi za shule. Hakuna anayewalipia mafunzo, na muhula ukiisha baadhi hawana uhakika wa kurudi. Kwako wewe nashauri mambo matatu.

1. Hakikisha usajili wako wa TSC uko sawa. Milango mingi, ikiwemo ya KNEC, hufunguka kwa nambari hiyo.
2. Usiombe mwenye shule pesa kwanza. Omba muda: vipindi viwili kwa mwezi vya kutazama mwenzako. Ukishaonyesha insha za kabla na za baada, ombi la pesa litakuwa rahisi.
3. Weka kumbukumbu zako mwenyewe. Ukihama shule, kazi yako isibaki kwenye kabati la watu.

VYAMA NA SIKU ZA KISWAHILI

CHAKITA kwa Kenya, CHAKAMA kwa Afrika Mashariki na CHAUKIDU kwa dunia huandaa makongamano ambamo walimu husikiliza na kuwasilisha makala. Nenda angalau mara moja, hata kama hutawasilisha. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, huangukia katikati ya muhula wa pili. Itumie kualika mwandishi au mhadhiri shuleni, au kuwapeleka wanafunzi kwenye hafla ya karibu. Omba mapema, kwani wiki hiyo kila mtu anaalikwa mahali.

MWAKA MMOJA, KWA MIHULA

- Muhula wa kwanza: insha kumi, kuchagua safu, kuunda chama. Kwa shule zenye drama, msimu wake uko hapa.
- Likizo ya Aprili: kazi ya (A). Soma. Ni likizo fupi, usiijaze.
- Muhula wa pili: zamu za kutazamana, kusahihisha pamoja, Julai 7.
- Likizo ya Agosti: semina moja, ukiwa umeichagua wewe.
- Muhula wa tatu: insha kumi nyingine za darasa lile lile, jedwali lile lile. Linganisha.
- Novemba na Desemba: kusahihisha KCSE kwa walio watahini, kwa wengine, kupumzika.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kukusanya vyeti. Mwajiri makini atakuuliza ulibadilisha nini.
- Kununua maazimio ya kazi yaliyo tayari na kuyaita maandalizi. Hayajui darasa lako liko wapi.
- Kutafuta «siri za mtihani» mtandaoni. Hakuna ujuzi humo, na kuna hatari ya kupoteza kazi na jina.
- Kubadilisha mambo matano kwa pamoja, kisha kutojua lipi lilifanya kazi.
- Kuikashifu Sheng mbele ya wanafunzi. Mtoto anayeaibishwa kwa lugha yake huacha kuzungumza, na asiyezungumza huwezi kusikia kosa lake.

KABLA YA KULIPIA KOZI AU SEMINA YOYOTE

☐ Naweza kusema kwa sentensi moja inagusa safu gani ya jedwali langu.

☐ Nimejua nani anafundisha, na amewahi kufundisha darasa kama langu.

☐ Kama ni chuo kikuu, nimethibitisha kwamba kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na programu yenyewe pia.

☐ Malipo yanaenda kwa akaunti au nambari ya M-Pesa ya taasisi, na si ya mtu binafsi.

☐ Kuna risiti, na kuna maelezo ya maandishi kuhusu kurudishiwa pesa semina ikiahirishwa.

☐ Kuna kazi ya kufanya darasani kati ya kikao na kikao, au mtu atakayenitazama baadaye.

☐ Nimeuliza mwenzangu mmoja aliyewahi kuhudhuria alibadilisha nini darasani mwake.

Ukikosa kutia alama kwenye visanduku viwili au zaidi, pesa hiyo inunulie kamusi. Na kama utahudhuria, panga na chama chako siku utakayojaribu ulichojifunza mbele yao, ndani ya wiki mbili za kurudi, kabla daftari la semina halijapotea chini ya rundo la kusahihisha.